Dereva Aliyezuiwa Anaporudi Barabarani: Hesabu ya Mwajiri wa Marekani

Mwajiri wa madereva wa malori na mabasi nchini Marekani hulipa dola 1.25 kujua kama mtu aliyeomba kazi kwake ana kosa la dawa za kulevya au pombe ambalo bado halijasafishwa. Kwa fedha hiyo anafunguliwa rekodi moja kwenye Clearinghouse, kanzidata ya serikali ya shirikisho iliyoanza kazi tarehe 6 Januari 2020. Rekodi ikionyesha kwamba dereva amezuiwa, waajiri wengi hufunga ukurasa palepale na kumpigia simu mwombaji anayefuata. Hawakai chini kupiga hesabu ya pili: kumrudisha mtu huyu barabarani kwa utaratibu wa sheria kungegharimu kiasi gani? Mwajiri anadaiwa nini, na kwa muda gani? Nimeipiga hesabu hiyo hapa kwa sababu naamini ikipigwa vizuri, sehemu kubwa ya hofu ya waajiri inakosa mahali pa kusimama.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Ilipofika Novemba 2024, madereva zaidi ya 170,000 wenye leseni ya biashara, ile CDL, walikuwa kwenye orodha ya waliozuiwa, na wengi wao hawakuwa wameanza hata hatua ya kwanza ya kurudi. Kati ya dawa zinazokutwa kwenye vipimo, bangi peke yake huchukua zaidi ya nusu. Hilo halishangazi. Majimbo 24 yalikuwa yameruhusu bangi ya starehe kufikia mwaka huo, na dereva anayeishi Denver au Chicago anaona duka la bangi mtaani kwake kama anavyoona duka la dawa. Serikali ya shirikisho haijali duka hilo. Kwa dereva wa CDL, cheti cha daktari kinachoruhusu bangi ya tiba si utetezi, na kusema "nilitumia mafuta ya CBD" pia si utetezi.

Tarehe 18 Novemba 2024 uzito uliongezeka. Kabla ya hapo, dereva aliyezuiwa angeweza kubaki na leseni yake mfukoni, na polisi wa barabarani akiiangalia asione kasoro. Tangu siku hiyo, jimbo likipata taarifa kutoka Clearinghouse kwamba dereva amezuiwa, linapewa siku 60 kumwondolea haki ya CDL. Hairudishwi mpaka utaratibu wa kurejea kazini ukamilike.

Msingi wa sheria hizi ulitoka kwenye reli. Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, jimbo la Maryland, treni ya abiria ya Amtrak iligonga injini za Conrail zilizopita taa nyekundu. Watu 16 walikufa, na wahudumu wa injini zile walikuwa wamevuta bangi. Tarehe 28 Agosti 1991, treni ya chini ya ardhi iliacha njia New York karibu na kituo cha Union Square ikiwa na dereva mlevi, walikufa 5. Miezi miwili baadaye Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kupima wafanyakazi wa uchukuzi wote, malori yakiwemo. Lori lililojaa mzigo linaruhusiwa kufikia pauni 80,000, yaani tani 36 na ushei. Watu waliokufa ndani ya yale mabehewa ndio sababu ya kila kipimo nitakachokitaja, na sitaki msomaji adhani natetea ulegevu.

Kosa lenyewe ni lipi? Kwa pombe, dereva wa CDL akikutwa na kiwango cha 0.04 au zaidi amevunja sheria. Dereva wa gari dogo katika majimbo mengi huruhusiwa hadi chini ya 0.08. Akikutwa kati ya 0.02 na 0.039 anasimamishwa kwa saa 24 bila kuingizwa kwenye orodha. Haruhusiwi kunywa saa 4 kabla ya kuanza kazi. Kwa dawa za kulevya, vipimo hutafuta makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini, opioidi na PCP. Kukataa kupimwa nako ni kosa lenye uzito uleule, na "kukataa" kuna mambo mengi ndani yake: kuondoka kituoni kabla ya kumaliza, kuchelewa bila sababu baada ya kuitwa, kuchezea sampuli.

Kosa likithibitishwa, mwajiri ana majukumu ya papo hapo. La kwanza ni kumshusha dereva kwenye usukani mara anapopata neno la daktari mhakiki wa matokeo, bila kusubiri karatasi ije kwa posta. La pili ni kumpa dereva orodha ya wataalamu wa tathmini, ambao madereva wote huwaita SAP, pamoja na anwani na simu zao, bila malipo. Jukumu hili la pili linabaki hata kama mwajiri ameamua kumfukuza dereva siku hiyohiyo. La tatu ni kuripoti. Kipimo cha dawa huripotiwa na daktari mhakiki. Lakini pombe ya 0.04 na kuendelea, kukataa kupimwa ambako mwajiri ndiye anayekuamua, na kosa ambalo mwajiri amelijua mwenyewe, kama vile dereva kukiri, lazima viingizwe Clearinghouse na mwajiri kabla ya mwisho wa siku ya 3 ya kazi.

Baada ya hapo sheria inamwachia mwajiri hiari. Hakuna kifungu cha shirikisho kinachomlazimisha kumrudisha dereva, wala kinachomlazimisha kumlipia SAP au matibabu. Kinachosemwa ni kwamba ukitaka kumrudisha, humrudishi kwa njia nyingine isipokuwa hii moja: tathmini ya SAP, elimu au matibabu aliyoagiza, tathmini ya pili ya SAP huyohuyo, kipimo cha kurejea kazini, kisha vipimo vya kufuatilia. SAP hana ruhusa ya kusema "huyu hana haja ya chochote". Lazima aagize angalau elimu. Mwajiri naye hana ruhusa ya kutafuta SAP wa pili mwenye huruma zaidi, wala ya kubembeleza masharti yapunguzwe.

Sasa fedha. Bei hazilingani kati ya jimbo na jimbo, na kituo cha mjini hakitozi sawa na cha pembezoni, kwa hiyo nachukua makadirio ya wastani kwa ajili ya hesabu tu. Tathmini mbili za SAP: dola 500. Kozi fupi ya elimu, kwa yule ambaye SAP hakuona kwamba ni mraibu wa kutibiwa: dola 250. Kipimo kimoja cha dawa chenye mtazamaji, maabara na daktari mhakiki: dola 80. Kima cha chini cha sheria ni kipimo 1 cha kurejea na vipimo 6 vya kufuatilia katika miezi 12 ya kwanza, jumla 7, yaani dola 560. Ukijumlisha vyote unapata dola 1,310.

Tuseme SAP ni mkali na ameandika mpango mrefu kuliko wote unaoruhusiwa, miezi 60, wenye vipimo 12 mwaka wa kwanza na 6 kila mwaka kwa miaka minne inayofuata. Hivyo ni vipimo 36, dola 2,880. Ukiongeza kipimo cha kurejea, SAP na kozi, jumla ni dola 3,710, zikigawanywa kwa miaka mitano.

Weka pembeni yake gharama ya kumpata dereva mwingine. Mwaka 2000 watafiti wa taasisi ya uchukuzi ya Upper Great Plains, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, walihesabu kwamba kampuni ya malori hupoteza wastani wa dola 8,234 kila dereva anapoondoka na kubadilishwa: matangazo, usaili, mafunzo, lori kusimama, mizigo kukosa mtu. Ukiipandisha takwimu hiyo kwa mfumuko wa bei mpaka 2024 inakaribia dola 15,000. Kumrudisha dereva unayemjua, kwa kima cha chini cha sheria na ukilipa kila senti wewe mwenyewe, ni chini ya sehemu moja ya kumi ya hapo. Hata ule mpango mkali wa miaka mitano haufiki theluthi.

Hesabu hii inabadilika akitokea dereva anayehitaji matibabu ya kulazwa. Hapo gharama ni maelfu, na bila bima ya afya ni mzigo wa kumvunja mtu. Ila kwa madereva waliokutwa na bangi, ambao ndio wengi, hali hiyo si ya kila mmoja.

Anayelipa kwa kweli ni nani? Kwa kawaida ni dereva, na bili yake kubwa ni mishahara anayoikosa kuliko hata vipimo. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani iliweka mshahara wa kati wa dereva wa lori kubwa kuwa dola 54,320 kwa mwaka, Mei 2023. Hiyo ni kama dola 1,045 kwa wiki. Utaratibu ukimchukua wiki 8, amekosa dola 8,360, mara sita ya gharama zote za dola 1,310 nilizozitaja. Tangu Juni 2023 tathmini ya SAP inaruhusiwa rasmi kufanywa kwa video, jambo lililopunguza safari na kusubiri. Wiki nyingi zinazobaki hupotea mahali pengine, na hapo ndipo mwajiri anapohusika kuliko anavyodhani.

Dereva aliyefukuzwa anaweza kumtafuta SAP mwenyewe, akalipa, akamaliza kozi, akarudi kwa tathmini ya pili na kupewa barua kwamba ametimiza masharti. Lakini hawezi kujipeleka kupimwa kipimo cha kurejea kazini. Kipimo hicho lazima kiagizwe na mwajiri, awe wa zamani au yule anayetaka kumwajiri sasa. Bila mwajiri kuagiza, hakuna kipimo. Bila kipimo safi kilichoripotiwa, rekodi inabaki "amezuiwa". Na ikibaki hivyo, jimbo halimrudishii CDL. Mtu amefanya yote yaliyo mikononi mwake na bado amekwama nje ya kituo cha kupimia, akisubiri mtu mwingine asaini agizo la dola 80. Katika mfumo wote huu, hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mwajiri anayesema "njoo ukishasafisha rekodi yako" anamwagiza dereva kitu ambacho yeye mwajiri ndiye mwenye uwezo wa kukifanya. Wapo waajiri wenye nia njema kabisa ambao hawajui kwamba hilo ndilo jibu wanalompa dereva.

Kipimo chenyewe kina masharti magumu, na mwajiri anayeyasimamia vibaya huharibu kila kitu. Kikiwa cha mkojo, hufanywa mbele ya mtazamaji wa jinsia moja na dereva. Dereva hupandisha shati juu ya kiuno, hushusha suruali na nguo ya ndani hadi katikati ya mapaja, kisha hujizungusha ionekane hana kifaa chochote cha kubadilishia sampuli. Anajistiri, halafu mtazamaji huangalia mkojo ukitoka mwilini mpaka kwenye chombo. Zinatakiwa mililita 45, na joto husomwa ndani ya dakika 4. Lazima liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Dereva akishindwa kutoa kiasi hicho, hupewa saa 3 na maji yasiyozidi karibu lita 1.2 ajaribu tena. Kampuni ya reli ya BNSF na vyama vya wafanyakazi waliupinga utaratibu huu mahakamani wakisema unamvunjia mtu heshima, na mwaka 2009 Mahakama ya Rufaa ya Washington D.C. iliupitisha. Ni fedheha, na mwanamume wa miaka 55 aliyelea watoto watano kwa usukani ataihisi hivyo. Anastahili kuambiwa mapema, faraghani, kitakachotokea, badala ya kukigundua akiwa mlangoni mwa choo.

Kituo cha kukusanya sampuli hakina njia ya kujua peke yake kwamba dereva huyu anatakiwa kupimwa mbele ya mtazamaji. Mwajiri ndiye wa kusema, na fomu ya ukusanyaji ina visanduku vya sababu ya kipimo: kuajiriwa, kushtukiza, baada ya ajali, kurejea kazini, kufuatilia. Karani akiweka alama kwenye "kushtukiza" kwa mazoea, dereva atapimwa peke yake chooni kama wengine. Kosa likigundulika, mwajiri anatakiwa kumrudisha dereva mara moja apimwe upya mbele ya mtazamaji. Kwa pombe, kipimo cha kurejea lazima kisome chini ya 0.02. Matokeo yakiwa safi, mwajiri huyaingiza Clearinghouse, tena kabla ya mwisho wa siku ya 3 ya kazi, na hapo tu ndipo neno "amezuiwa" linapoondoka.

Waajiri wengi hudhani kazi imeishia hapo, kumbe deni la muda mrefu ndiyo kwanza linaanza.

SAP humwandikia mwajiri mpango wa vipimo vya kufuatilia: vingapi, kwa muda gani, vya dawa, vya pombe au vyote. Visipungue 6 katika miezi 12 ya kwanza ya kazi ya usukani, na mpango usizidi miezi 60. SAP anaweka idadi, mwajiri anachagua tarehe. Dereva haruhusiwi kuuona mpango huo. Atauliza, kwa sababu ni mwanadamu: "Tajiri, nitapimwa tena lini? Bado mara ngapi?" Jibu la kisheria ni kwamba hatujui, tutakuita. Tarehe zisiwe na mpangilio unaobashirika. Kumpima kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ni kuvunja lengo zima. Kipimo kilichofutwa hakihesabiwi, lazima kirudiwe. Kipimo cha kushtukiza cha kawaida hakichukui nafasi ya cha kufuatilia, hata kama vimefuatana wiki moja. Mwajiri haruhusiwi kupunguza hata kimoja, wala kuongeza vya kwake juu ya mpango wa SAP.

Chukua kampuni ya madereva 20. Kiwango cha vipimo vya kushtukiza tangu 2020 ni asilimia 50 ya madereva kwa mwaka kwa dawa na asilimia 10 kwa pombe, kwa hiyo kampuni inapima 10 kwa dawa na 2 kwa pombe. Kwa wastani, dereva wa kawaida anafikiwa na kipimo cha dawa mara moja katika miaka miwili. Dereva aliyerejea anapimwa mara 6 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, kila mara mbele ya mtazamaji, na jina lake linabaki pia kwenye kapu la kushtukiza pamoja na wenzake. Anapimwa angalau mara 12 zaidi ya mtu anayeegesha lori lake pembeni yake. Kampuni inayomkataa kwa kuhofia usalama inamkataa dereva anayechunguzwa kuliko wengine wote kazini, na pengine inamchukua mahali pake mtu ambaye hajawahi kukutwa na chochote kwa sababu bahati nasibu haijamfikia.

Jumla ya vipimo ndiyo inayoumiza ofisi ndogo. Wakirejea wawili katika kampuni ile ya watu 20, vipimo vya kufuatilia ni 12 kwa uchache, vinazidi vile 10 vya wenzao wote pamoja. Fedha ni dola 960, hizo zinapatikana. Kazi ni ya kumkumbuka dereva ambaye yuko Nebraska na mzigo unaotakiwa Oregon kesho, kumtafutia kituo chenye mtazamaji wa jinsia yake njiani, kumwita bila kumpa nafasi ya kujiandaa, na kuhifadhi karatasi. Rekodi za SAP na za vipimo vya kufuatilia hukaa kwenye faili la kampuni miaka 5. Dereva akihamia kampuni nyingine mpango ukiwa haujaisha, mwajiri mpya anaurithi palepale ulipofikia, na ni wajibu wake kuutafuta. Kwenye Clearinghouse kosa hukaa miaka 5 au mpaka mpango uishe, lolote litakalochelewa.

Sasa ile hofu. Bima ya chini kabisa ambayo sheria inadai kwa lori la mizigo ya kawaida ni dola 750,000, kiwango kilichowekwa miaka ya 1980 na kuachwa hapo. Baraza la wazee wa mahakama likikasirika linaweza kumtoza mwenye lori mamilioni. Wakili wa mtu aliyejeruhiwa ataomba faili la dereva kwanza, na waajiri huogopa kwamba neno "bangi" ndani ya faili litatosha kuwazamisha. Nawaelewa. Ila naona hatari yenyewe iko mahali pengine. Faili lenye kosa la miaka mitatu iliyopita, likifuatiwa na barua mbili za SAP, kipimo safi cha kurejea na vipimo vyote vya kufuatilia kwa tarehe zake, linaonyesha kampuni iliyotimiza kila ilichoamriwa. Faili linaloua kampuni ni lenye mpango wa vipimo 8 na matokeo ya vipimo 5. Hapo mwajiri alijua, aliahidi, akasahau. Faini za serikali zipo pia: kosa la kukiuka masharti ya Clearinghouse lina kikomo cha dola 2,500 kisheria, kinachopandishwa kila mwaka kwa mfumuko wa bei na ambacho kimeshavuka dola 5,800. Ukilinganisha na kipimo cha dola 80 kilichorukwa, faini hiyo inaweza kuwa zaidi ya mara 70.

Haya yanawagusa watu wetu moja kwa moja. Wakongo, Wakenya, Warundi, Watanzania na Wasomali waliohamia Marekani wameingia kwa wingi kwenye udereva wa malori, na wengi hawakai muda mrefu kabla ya kununua lori lao. Zaidi ya asilimia 90 ya kampuni za malori za nchi hiyo zina malori 10 au pungufu. Kampuni ya namna hiyo mara nyingi ni kaka anayeendesha, shemeji anayeendesha lori la pili, na mke wa mmoja wao anayeshughulikia ankara jikoni usiku. Huyo mama wa ankara ndiye afisa wa vipimo wa kampuni, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo. Shemeji akikutwa na kosa, sheria haitambui ushemeji. Na yeyote anayesimamia madereva wengine anatakiwa awe amepata mafunzo ya dakika 60 kuhusu pombe na dakika 60 kuhusu dawa, ili ajue dalili zinazomruhusu kuagiza kipimo kwa kumshuku mtu.

Miraa inahitaji maneno yake. Kwetu huuzwa sokoni, na dereva wa usiku kati ya Mombasa na Malaba hatafuni kwa kujificha. Marekani, kathinoni iliyomo ndani ya miraa mbichi iko Daraja la Kwanza la dawa zilizopigwa marufuku, pamoja na heroini. Haimo kwenye yale makundi matano yanayopimwa, na kwa sababu hiyo wapo wanaodhani iko salama. Lakini kanuni za madereva zinakataza kutumia au kubeba dawa yoyote ya Daraja la Kwanza kazini. Tajiri akimwona dereva wake anatafuna ndani ya lori, au dereva akikiri mwenyewe, hilo ni kosa ambalo mwajiri amelijua, na linaripotiwa Clearinghouse bila mkojo wowote kupimwa. Baada yake njia ni ileile: SAP, elimu, kipimo, vipimo 6.

Mwenye lori moja anayeliendesha mwenyewe ni mwajiri na mwajiriwa kwa wakati mmoja, na sheria imeona tatizo lake: hawezi kujichagua kwa kushtukiza, wala kujipangia tarehe za kufuatiliwa. Analazimika kujiunga na wakala wa vipimo mwenye kapu la madereva wengi, na kumteua wakala huyo kwenye Clearinghouse. Anapaswa kujitafuta mwenyewe kwenye kanzidata mara moja kwa mwaka, dola 1.25. Akipata kosa, ripoti ya SAP na mpango wa vipimo huenda kwa wakala, na wakala ndiye anayeagiza kipimo cha kurejea na kumwita kwa vile vya kufuatilia. Kwa namna fulani yuko pazuri kuliko dereva wa kuajiriwa aliyefukuzwa: anao mtu ambaye tayari ana mkataba naye wa kuagiza kile kipimo kimoja.

Kwa mwajiri mwenye madereva, jambo la kufanya linaanza kabla ya kosa kutokea. Kila kampuni inalazimika kumpa dereva maelezo ya sera yake ya pombe na dawa na kubaki na saini ya dereva kwamba ameyapokea. Sera nyingi zimenunuliwa zikiwa tayari zimeandikwa, na juu ya kurudi kazini zinasema tu kwamba kampuni "inaweza" kumrudisha dereva. Nani analipa SAP? Nani analipa vipimo 6, na je, vikatwe kwenye mshahara au la, hasa kwa kuwa baadhi ya majimbo yana sheria zake kuhusu makato? Je, dereva aliyeachishwa akimaliza masharti ya SAP, kampuni itamwagizia kipimo cha kurejea, na ndani ya siku ngapi? Maswali haya yakijibiwa siku ambayo hakuna mwenye hasira na hakuna aliyeaibika, majibu yake huwa mafupi. Mimi ningeandika hivi: kampuni italipa kipimo cha kurejea na vipimo vyote vya kufuatilia, dereva atalipa SAP na kozi, na agizo la kipimo litatoka ndani ya siku 5 za kazi baada ya ripoti ya pili ya SAP kufika. Kwa makadirio yale ya mwanzo, kampuni ingebeba dola 560 na dereva 750.